Kuazima si kukopa: Somo la sarufi kutoka kwa lugha ya kompyuta

“Mjomba, haya maneno yako yameniaibisha mbele ya watu.”

Hivyo ndivyo mpwa wangu, binti wa dada yangu, alivyoyaanza mazungumzo aliponipigia simu majuzi. Hapakuwa na shikamoo wala habari za huko. Nikajua pameharibika jambo, maana huyu ni mtoto aliyelelewa kwa adabu.

Binti mwenyewe ni msanidi wa programu za kompyuta hapa Nairobi. (Najua wapo wanaotaka niseme tarakilishi, na wapo wa ngamizi, vita hivyo nimevipigana miaka mingi na leo nimechoka.) Kila Jumamosi huwafunza vijana wachache lugha ya kuandikia programu iitwayo Rust, na amejitwika jukumu la kuwafunza kwa Kiswahili. Mwezi uliotangulia alikuwa ameniletea kwenye WhatsApp maneno matatu ya Kiingereza akitaka nimpe Kiswahili chake. Nilikuwa nikisahihisha tasnifu. Nikaiweka kalamu chini kwa dakika tano, nikamjibu: ‘borrow’ ni kukopa, ‘mutable reference’ ni rejeleo linalobadilika, ‘observable’ ni inayoonekana. Kisha nikarudi kwenye tasnifu, nikaendelea kumkosoa mwanafunzi wangu kwa kutafsiri bila kuzingatia muktadha.

Sasa binti ananiambia kwamba maneno yote matatu yamewapotosha wanafunzi wake, na kila neno limewapotosha kwa njia yake. Nilijaribu kujitetea. Nikamwambia kwamba istilahi mpya huchukua muda kuzoeleka. “La, Mjomba,” akasema. “Wameyazoea upesi sana. Wameyaamini. Hilo ndilo tatizo.”

Naomba msomaji ambaye hajawahi kuandika programu asiniache hapa. Jambo lenyewe ni la sarufi ya Kiswahili, ila njia ya kulifikia inapitia kwenye mitambo.

Rust ilianzishwa mwaka 2006 na Graydon Hoare, aliyekuwa akifanya kazi katika shirika la Mozilla, wenye kivinjari cha Firefox. Toleo lake la kwanza kamili lilitoka Mei 2015. Maana ya jina hilo ni kutu, lakini aliyeitunga amesema alikuwa akiwaza kuvu zinazoitwa kutu, zile zinazoshambulia mimea. Mkulima wa ngano wa Narok hahitaji kuelezwa zaidi, hasa akikumbuka kutu ya Ug99 iliyogunduliwa Uganda mwaka 1998. Kuvu hizo ni sugu, hazifi kwa urahisi, na lugha hii ilinuiwa iwe hivyo.

Usugu wake umo katika jinsi inavyolinda kumbukumbu ya kompyuta. Programu huweka thamani mbalimbali kwenye kumbukumbu: jina la mteja, salio lake, orodha ya bidhaa. Katika lugha za zamani kama C, ni rahisi mno sehemu moja ya programu kuandika mahali ambapo sehemu nyingine inasoma, au kusoma mahali palipokwisha kuachwa. Mwaka 2019 wahandisi wa Microsoft walieleza kwamba takriban asilimia 70 ya kasoro za usalama walizokuwa wakizirekebisha kila mwaka zilitokana na makosa ya aina hii ya kumbukumbu. Rust huyazuia mengi ya makosa haya kabla programu haijaanza kufanya kazi. Msimbo (siuiti kodi, kodi ni ya nyumba na ya serikali) hukaguliwa na kompaila, na ukikiuka kanuni, programu yako haiundwi.

Kanuni yenyewe ni fupi. Kila thamani ina mwenyewe mmoja. Mwenyewe anaweza kuitoa itumiwe kwa muda na sehemu nyingine za programu, bila kuacha kuwa mwenyewe. Watakaoisoma tu wanaweza kuwa wengi kwa wakati mmoja. Lakini akiwapo atakayeibadilisha, huyo awe peke yake. Asiwepo mwingine anayebadilisha, wala hata anayesoma.

Wanachama wa chama chochote cha akiba wanaielewa kanuni hii bila kwenda chuoni. Daftari la chama likiwa mezani, wanachama kumi wanaweza kuliinamia na kulisoma. Mweka hazina akitaka kuandika, hulichukua, wengine wakasubiri. Anayesoma huku mwenzake anafuta na kuandika ataondoka na nusu ya hesabu ya zamani na nusu ya mpya, na vita vitazuka.

Hapo ndipo neno langu la kwanza lilipokwama. Kule kutoa thamani itumiwe kwa muda, Waingereza hukuita ‘borrow’, nami nikasema kukopa. Mmoja wa vijana akaelewa kama Mswahili yeyote angeelewa. Nikikukopa shilingi 500, sikurudishii noti ile ile. Ile nimekwisha kuila. Nitakulipa nyingine ya kiasi hicho hicho. Kijana akaandika programu yenye sehemu ‘inayokopa’ orodha ya majina na kuipunguza, akiamini kwamba orodha asilia ya mwenyewe imebaki salama. Haikubaki. Ilikuwa orodha ile ile moja. Na kwa kuwa neno kukopa linasikika kama kopi, na Rust pia ina istilahi ya ‘Copy’ kwa thamani zinazonakiliwa, mambo yakachafuka zaidi.

Kiswahili kilikuwa na neno tayari, nalo ni kuazima. Nikiazima jembe lako, nitakurudishia jembe hilo hilo, na mpini wake ule ule uliolegea. Nikilivunja, limevunjika lako. Siwezi kuliuza, maana si langu. Na ukihama kijiji, huna budi kulichukua jembe lako kwanza. Haya yote yamo katika Rust, karibu neno kwa neno: aliyeazima thamani hawezi kuhamisha umiliki wake, na kompaila haikubali azima iendelee kuwapo baada ya thamani yenyewe kutoweka.

Nakiri kwamba niliona haya. Tofauti ya kukopa na kuazima nimeitungia maswali ya mitihani. Wanafunzi wa shule za msingi wanaijua. Nilipitiwa kwa nini? Nadhani ni kwa sababu mbili. Kwanza, hapa Nairobi tofauti hiyo inafifia. Mtu atakuambia “nikopeshe kalamu” au “nisaidie biro” na kalamu ikarudi au isirudi. Lakini sababu ya pili ndiyo inayoniuma. Sikuwa nimekitazama kitendo chenyewe. Nilitazama neno la Kiingereza, ambalo hutumika kwa jembe na kwa pesa vilevile, nikachukua la kwanza lililonijia.

Neno la pili lina utamu zaidi kwa mtu wa sarufi. Nilisema ‘rejeleo linalobadilika’. Rejeleo ni kile kinachoonyesha thamani ilipo kwenye kumbukumbu, nacho ndicho kinachotolewa wakati wa kuazima. Sasa tazama nilichokifanya. Kitenzi badilika kimo katika kauli ya kutendeka: bei hubadilika, hali ya hewa hubadilika. Kinachobadilika ni kiima chenyewe. Na kiambishi li- katika ‘linalobadilika’ kinapatana na rejeleo, ngeli ya LI-YA, wala si na thamani. Kwa hiyo niliwaambia vijana, kwa sarufi safi kabisa, kwamba kinachobadilika ni rejeleo.

Kumbe katika Rust kuna vitu viwili. Kuna rejeleo ambalo kweli hubadilika lenyewe: leo laelekeza kwa thamani hii, kesho lageuzwa lielekeze kwa nyingine. Hicho ni kama kibao cha barabarani. Unaweza kukigeuza kielekeze Thika badala ya Naivasha, lakini kukigeuza hakukupi ruhusa ya kwenda kubomoa nyumba Thika. Halafu kuna rejeleo lisilogeuka, ila mwenye nalo anaruhusiwa kuibadilisha thamani iliyoko upande wa pili. Hilo ni kama ufunguo wa nyumba. Ufunguo haubadiliki hata kidogo, lakini aliye nao anaweza kuingia akapanga viti upya.

Katika msimbo, vitu hivi hutofautishwa na mahali neno ‘mut’ linapokaa. Likikaa kushoto, kwenye jina la rejeleo, umeandika kibao. Likikaa kulia, baada ya alama ya &, umeandika ufunguo. Kijana wa pili, akiwa na ‘rejeleo linalobadilika’ langu kichwani, aliliweka ‘mut’ kwenye jina. Kisha akajaribu kuibadilisha thamani. Kompaila ikamkatalia, ikimwambia kwamba huwezi kuandika kitu kupitia rejeleo la namna hiyo. Binti anasema kijana alikaa asubuhi nzima akilisoma daftari lake na kurudia, “Lakini Prof alisema linabadilika.”

Nilipojaribu kulirekebisha, wazo la kwanza lilikuwa ‘rejeleo linalobadilisha’, kwa kutumia kauli ya kutendesha. Afadhali, lakini bado si lenyewe. Rejeleo halibadilishi kitu. Anayebadilisha ni programu, na rejeleo ni chombo chake. Je, vyombo tunavitajaje? Hatusemi kisu kinachokata tunapotaja kazi yake. Tunasema kisu cha kukatia, kalamu ya kuandikia, maji ya kunawia. Ni ile kauli ya kutendea, -i- au -e-, ambayo walimu wengi huifunza kwa mifano ya kumfanyia mtu jambo na kuisahau kazi hii ya chombo. Basi: rejeleo la kubadilishia, na mwenzake, rejeleo la kusomea. La kusomea laweza kugawiwa watu wengi. La kubadilishia ni la mtu mmoja. Nilipomtumia binti maneno hayo, alinyamaza kidogo, kisha akasema, “Haya sasa.” Kwake hiyo ni sifa kubwa.

Istilahi ya Kiingereza haibainishi jambo hili. Neno ‘mutable’ likiwekwa kando ya ‘reference’, msomaji hukisia kipi ndicho kinachobadilika, na wanafunzi wa Kiingereza nao hujikwaa papo hapo. Kiswahili kinatulazimisha kuchagua: kiima ni kipi, kauli ni ipi, kiambishi kinapatana na nini. Ni lugha ambayo haikuruhusu kuficha kutoelewa kwako. Mimi ilinianika.

Neno la tatu lilitupeleka mbali. Binti alikuwa akiwafunza vijana kutumia maktaba moja ya Rust iitwayo futures-signals. (Maktaba hapa ni furushi la msimbo uliokwisha kuandikwa, ambalo mwingine anaweza kulitumia, watu wa Rust huliita kreti, kama kreti ya soda.) Ndani yake kuna aina ya thamani iitwayo Mutable. Ni thamani unayoweza kuibadilisha, na juu ya hayo, sehemu nyingine za programu zinaweza kupata habari kila inapobadilika. Tuseme ni salio la chama. Sehemu moja ya programu inaonyesha salio kwenye skrini, nyingine inahesabu mgao wa kila mwanachama. Mchango ukiingia, salio likibadilishwa, sehemu zote mbili zinajirekebisha bila mtu kuziambia moja moja.

Hiyo ndiyo niliyoiita thamani ‘inayoonekana’. Ole wangu! Katika Rust, kuonekana ni jambo jingine kabisa: huamua ni sehemu gani za programu zinazoruhusiwa kulitumia jina fulani, na ukitaka jina lionekane nje, unaliwekea neno ‘pub’. Kijana wa tatu akaweka ‘pub’, akaketi kusubiri habari. Habari zitoke wapi?

Nikapendekeza ‘inayofuatilika’. Binti akalikataa bila kusita. “Mjomba, anayefuatilia ni nani? Hakuna anayefuatilia. Wote wamelala. Yenyewe ndiyo inayopiga simu.”

Na ana haki. Hata neno la Kiingereza linadanganya hapa, maana linatuchorea mtu aliyekaza macho akitazama. Programu ya kukaza macho huwezekana: iulize salio ni ngapi, iulize tena, iulize tena, ikimaliza umeme bure. Utaratibu wa maktaba hii ni kinyume chake. Sehemu inayotaka habari hujisajili, kisha hutulia. Thamani ikibadilishwa, ndiyo inayoiamsha. Mteja wa M-Pesa hakai akibonyeza simu kuuliza kama pesa zimeingia; ujumbe humjia. Tukakubaliana kuiita thamani yenye kuarifu. Sikulipenda sana neno hilo mwanzoni kwa kuwa si langu.

Lakini mfano wa M-Pesa una mpaka wake, na binti alinionya nisiuvuke. Ujumbe wa M-Pesa huja kwa kila muamala. Ishara ya maktaba hii haiahidi hivyo. Salio likibadilishwa mara tano upesi upesi kabla ya msikilizaji kupata nafasi, huenda akaambiwa lile la mwisho tu. Ni kama kufuatilia mechi katika kijiji ambacho mtandao hupotea. Ukirudi, simu inakuonyesha tatu kwa moja. Hukuona bao la pili likiingia, wala huwezi kujua nani alitangulia kufunga. Kwa skrini inayoonyesha salio, hilo halina neno: anayetazama anataka salio la sasa. Kwa daftari la hesabu ni balaa, kwa sababu kila mchango lazima uandikwe. Anayetaka kila tukio lihifadhiwe atumie mkondo wa matukio, asitumie ishara.

Hapo ndipo nilipouliza swali ambalo nilidhani ni la kijinga. Ikiwa sehemu kadhaa za programu zina salio hili, na yoyote kati yake inaweza kulibadilisha, ile kanuni ya mwandishi mmoja imekwenda wapi? Si tumesema rejeleo la kubadilishia ni la mtu mmoja?

“Sasa unaanza kuelewa, Mjomba,” akaniambia, kwa sauti ambayo mimi huitumia kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza.

Jibu ni kwamba Mutable, ijapokuwa watu huitaja kwa mazoea kuwa rejeleo, si kitu cha kuazima. Ni umiliki wa pamoja. Kila sehemu ina kishikio chake, na vishikio vyote vimeshika thamani moja. Thamani hudumu maadamu kuna kishikio hata kimoja; cha mwisho kikiachiliwa, wanaosubiri ishara hujulishwa kwamba hakuna tena la kusubiri. Kanuni ya wasomaji wengi au mwandishi mmoja haijafutwa, ila imehamishwa. Badala ya kukaguliwa na kompaila kabla ya programu kuanza, inalindwa na kufuli wakati programu inaendelea. Anayetaka kusoma hufungua kwa kusoma, na wasomaji wengine wanaweza kuingia. Anayetaka kubadilisha husubiri wote watoke, hufunga mlango, hubadilisha, na anapoufungua ndipo wasikilizaji wanapoarifiwa.

Hasara yake? Kompaila haiwezi tena kukuokoa na uzembe. Ukiwa umelishika salio kwa kusoma, na hapo hapo, kwa kusahau, ukaomba kulibadilisha, utajisubiri mwenyewe utoke. Programu inaweza kukwama papo hapo kama matatu mbili zilizokutana kwenye kichochoro. Ndiyo maana neno rejeleo lingekuwa kosa la nne. Linamwambia mwanafunzi kwamba ulinzi wa kompaila bado upo, ilhali ameuacha nyuma. Tumechagua kishikio. Istilahi kamili, basi, ni kishikio cha pamoja chenye kuarifu. Ni ndefu, lakini kila neno linafanya kazi yake.

Jumamosi iliyopita binti aliyapeleka maneno mapya darasani. Kijana wa orodha, yule aliyekopa, aliuliza kwa nini hakuambiwa kuazima tangu mwanzo, maana nyanya yake hulitumia neno hilo kila siku. Binti hakumjibu. Amenihifadhia swali hilo.

Jioni yake akanitumia neno jingine: ‘clone’. Kidole changu kilikwisha kuandika ‘nakala’ kabla sijajizuia. Nikamuuliza, ukifanya kitendo hicho kwa kishikio cha pamoja, kisha ukabadilisha thamani kupitia kimoja, cha pili kinaona nini?

“Kinaona mabadiliko,” akasema. “Thamani ni ile ile.”

Na ukikifanya kwa orodha ya majina ya kawaida?

“Hapo zinakuwa orodha mbili. Kila moja kivyake.”

Kwa hiyo neno moja la Kiingereza, vitendo viwili. Kwa orodha, nakala inafaa. Kwa kishikio, nakala itampoteza yule kijana kwa mara ya pili. Tuseme kuongeza kishikio? Kugawia? Ufunguo wa pili wa nyumba tunauitaje, huo unaochongwa Luthuli Avenue ili mpangaji mwenzako naye apate kuingia? Nimemwomba anipe hadi Ijumaa.